Korczak, munganga aliyeonyesha walimu moyo wa mtoto

Kila mtu wa mugoti anajua mashine ya radio. Munganga wa kampani anakuita, unatoa shati, unabandika kifua ku ile sahani ya baridi, unakamata pumzi, na wao wanaangalia kama vumbi imeingia mu mapafu. Wazee wetu wanakumbuka vile zamani ile chumba ilikuwa ya giza. Hata mwanaume aliyeshuka chini ya udongo miaka 20 bila kutetemeka, mule ndani moyo ulimpiga kidogo.

Mu muji wa Varsovie, inchi ya Polandi (mu Kifaransa tunasema Pologne), kati ya vita mbili kubwa za dunia, kulikuwa masomo ya juu ya kutayarisha walimu, sana sana walimu wa watoto wenye shida. Siku moja wanafunzi walikuja kusikiliza somo, lakini hawakuingia mu kalasi. Waliambiwa waende ku hospitali, ku chumba ya radio. Wakajazana mule. Profesere akaingia akishika mkono wa mtoto mdogo mwanaume. Akamvua shati, akamsimamisha nyuma ya kioo cha mashine, taa ikazimwa. Zile siku mashine ilionyesha ndani ya mwili palepale, mtu angali anapumua mbele yako. Wanafunzi wote wakaona moyo wa yule mtoto. Ulikuwa unaruka ruka kama ndege mu kitunga. Mtoto hakuwa mgonjwa. Alikuwa paka na woga: watu hawajui, giza, mashine inalia.

Profesere akawaeleza kwa sauti ya chini kwamba siku watakapochoka, siku hasira itakapowapanda na mkono kuinuka juu ya mtoto, wakumbuke vile moyo wa mtoto mwenye woga unafanana. Kisha akawasha taa, akamvalisha yule kijana shati yake, akatoka naye. Somo la ile siku lilikuwa limekwisha.

Yule profesere ni Janusz Korczak. Alikuwa munganga wa watoto, mwandishi wa vitabu, mtu wa redio, na zaidi ya yote mkubwa wa nyumba ya mayatima. Hakuoa, hakuzaa. Kama uko na mtoto mwenye kusoma ku iniversite awe mwalimu, au kama wewe mwenyewe unarudiaka ku nyumba kisha posti ya usiku na mkono mwepesi, hii historia inakuangalia.

Alizaliwa Varsovie mwaka wa 1878, ao labda 1879. Baba yake hakwenda upesi kuandikisha mtoto, kwa hiyo mwenyewe hakupata kujua vizuri. Jina la nyumbani lilikuwa Henryk Goldszmit. Walikuwa Wayahudi, lakini ku nyumba walisema Kipolandi na kuishi kama watu wenye nafasi, juu baba alikuwa avoka wa kujulikana. Wakati ule Varsovie ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na ku masomo watoto walifundishwa mu Kirusi, lugha isiyokuwa ya mama zao. Watoto wa kwetu wanaojua kuanza masomo mu Kifaransa watamwelewa bila kuambiwa mingi. Huko aliona mwanafunzi akichapwa fimbo, na ule woga wa kuangalia mwenzake akipigwa haukumtoka mpaka uzee.

Alipokuwa na miaka karibu 11, baba yake akaanza kuharibika akili. Wakampeleka hospitali, akatoka, akarudi tena. Makuta ikaisha, vitu vya nyumba vikauzwa kimoja kimoja. Mwaka wa 1896 baba akafa. Kijana akaachiwa mama na dada. Akaanza kuzunguka ku nyumba za matajiri kufundisha watoto wao masomo ya jioni, apate cha kuleta. Kwa hiyo alifundisha watoto kabla mtu yeyote hajamfundisha kazi ya kufundisha. Jamaa iliyopoteza baba mu mugoti inajua ile hesabu: mtoto mkubwa anakuwa baba mdogo, na hakuna anayemuuliza analala namna gani.

Jina la Korczak alilitoa mu kitabu cha zamani. Mwaka wa 1898 alituma mchezo wa kuandika ku mashindano, akauficha na lile jina, na lile jina likamkalia kuliko la kuzaliwa.

Akaingia iniversite ya Varsovie kusoma uganga, akamaliza mwaka wa 1905. Hapohapo wakamtuma mbali, ku vita ya Urusi na Japani, munganga wa askari. Aliporudi akafanya kazi ku hospitali ya watoto. Matajiri walimwita, akawalipisha sana. Kwa maskini aliingia bila kutazama mfuko wao. Angeweza kuwa munganga wa jina kubwa, mwenye nyumba nzuri. Lakini kuna jambo lilimsumbua. Mtoto anakuja na kikohozi, anapona, anarudi ku chumba ileile ya baridi, kwa baba yuleyule mlevi, kisha mwezi moja ameisha kurudi hospitali. Munganga anatibu kifua, na ile yenye kumgonjesha mtoto inabaki ku nyumba.

Akaacha hospitali. Wenzake walishangaa, na yeye mwenyewe mpaka siku za mwisho alijilaumu kwamba alikimbia wagonjwa wake. Mimi sitamtetea hapa. Mtu aliyechagua njia moja ameacha nyingine, na alijua.

Mwaka wa 1912 nyumba ya mayatima Wayahudi ilifunguliwa ku njia ya Krochmalna, namba 92, mu Varsovie. Watoto karibu 100. Korczak njo alikuwa mkubwa wake, lakini lazima tutaje mwanamke mmoja ambaye watu wanamsahau: Stefania Wilczyńska, watoto walimwita bibi Stefa. Alisomea ku iniversite ya Liège, Ubelgiji. Korczak alikuwa na mawazo. Stefa alikuwa na funguo. Yeye aliamka usiku mtoto akilia, alijua shati ya nani imepasuka na nani hajala. Bila Stefa, yale mawazo yote yangebaki mu vitabu. Mtu akikusifia Korczak bila kumtaja Stefa, ujue anasimulia nusu.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mubaya. Watoto walitoka mu njia, mu vyumba vya njaa. Wakaingizwa mu nyumba mpya yenye maji ya moto na vigae vyeupe, yenye sheria na saa za kila kitu. Wakaasi. Walikataa kazi, walificha vitu, walipigana. Korczak aliyekuwa amesoma vitabu vyote akaona hajui kitu. Hapo ndipo alipoanza kuwaza kwamba mtoto hawezi kukaa vizuri mu nyumba isiyokuwa yake.

Akaanzisha mambo moja moja. Kila kazi ya nyumba, kufagia, kuosha sahani, kubeba makaa, iligawanywa kwa watoto, na yeye mwenyewe aliokota sahani mezani, watoto waone kwamba hakuna kazi ya aibu. Mtoto mpya alipewa mkubwa mmoja wa kumwangalia miezi 3, si mwalimu, mtoto mwenzake. Kuliwekwa sanduku la barua, juu kuna mtoto anaweza kuandika ile asiyoweza kusema mbele ya watu. Kulikuwa zurnali ya nyumba, wakisomeana kila juma. Meno ya utoto yaliyong'oka aliyanunua, kwa bei iliyojulikana! Mtoto mwenye kupenda kupigana alikuja kwake wakawekeana neno: juma hii nitapigana mara ngapi tu. Akishinda anapata bonbon. Korczak hakumchunguza, alipokea neno la mtoto kama neno la mtu.

Lakini jambo lililozungumzwa kupita yote ni tribinali. Mtoto aliyeonewa hakukimbilia kupiga, aliandika jina la mkosaji ku karatasi ya ukuta. Kila juma waamuzi 5 walichaguliwa kwa bahati kati ya watoto wasiokuwa na kesi ile juma. Mwalimu alikuwa mwandishi tu, hakuwa na sauti. Na kulikuwa kitabu cha sheria, Korczak alikiandika. Vifungu 99 vya kwanza vyote vinasamehe, kila kimoja na sababu yake: kwa kuwa hakujua, kwa kuwa ni mara ya kwanza, kwa kuwa anajuta. Baada ya pale namba zinaruka kwa 100 mpaka 1000, na uzito unapanda. Kuandikwa mu zurnali, kuita jamaa, mwisho kabisa, ile ya 1000, kufukuzwa.

Mtu wa mugoti atacheka kidogo hapa. Atasema, mu kazi yetu mukosefu mdogo anakatiwa siku, mukubwa anafunikwa. Basi sikia hii. Ile tribinali ilihukumu wakubwa pia. Mu miezi 6 Korczak alijishitaki yeye mwenyewe mbele ya ile tribinali mara 5. Mara moja alipiga kijana ku masikio. Mara moja alimtoa mtoto mu chumba cha kulala kwa nguvu. Mara moja alimsimamisha mtu ku kona. Mara moja alimtukana mwamuzi. Na mara moja alimsingizia binti mwizi, kumbe hakuiba. Ndiyo, yule aliyeandika juu ya woga wa watoto alikuwa na hasira kama sisi. Hakuficha. Aliandika yale makosa mu kitabu chake, na akasema zile kesi njo zilimfundisha kazi.

Kuna baba atauliza: mtoto akihukumu mkubwa, heshima itabaki wapi? Ni ulizo la haki, na mu Varsovie pia waliliuliza. Ninavyoona, ile nyumba haikuwa ya watoto wenye kufanya wanavyotaka. Kulikuwa saa ya kulala, saa ya kazi, na mtoto aliyeharibu alijibu. Tofauti ni kwamba sheria haikuangalia nani ana mkono mkubwa.

Vita ya kwanza ya dunia ilimwondoa miaka 4. Alikuwa tena munganga wa askari wa Urusi, na mule mu mahema ya wenye kukatwa miguu akaandika kitabu juu ya namna ya kupenda mtoto. Kisha vita, Polandi ikapata uhuru wake, naye akarudi kwa Stefa. Alisaidia pia nyumba nyingine, ya watoto Wakatoliki, wengi watoto wa wafanya kazi, chini ya mwanamke anayeitwa Maria Falska. Mwaka wa 1923 kitabu chake cha watoto, juu ya mfalme mdogo Matiyasi anayetaka kuongoza inchi pamoja na watoto, kilimfanya ajulikane mu kila nyumba.

Turudi sasa ku walimu, juu pale njo tulianzia.

Mwaka wa 1922 mwanamke mwalimu, Maria Grzegorzewska, alianzisha mu Varsovie ile shule ya juu ya walimu wa watoto wenye shida, na Korczak akafundisha mule. Alifundisha pia ku iniversite huru ya Polandi. Hakupenda somo la kusomewa ku karatasi. Wanafunzi wake walizoea kusikia juu ya mtoto mmoja, siku moja, tendo moja: kwa nini huyu hakula, kwa nini yule alivunja kioo. Aliwaomba waangalie kwanza, wachelewe kuhukumu. Kama munganga, alitaka mwalimu apime kabla ya kutoa dawa. Alikuwa akipima watoto wake kilo na urefu miaka na miaka, na alitaka mwalimu aandike vilevile machozi, ugomvi, urafiki, usingizi.

Na alifanya zaidi. Toka 1923, ndani ya nyumba ya Krochmalna, kulikuwa vyumba kwa vijana wenye kusomea ualimu. Walipewa pa kulala na chakula bila kulipa, na wao walifanya kazi saa chache kila siku pamoja na mayatima. Kwa mwanafunzi maskini ilikuwa neema. Wanaojua bei ya chumba karibu na iniversite wataelewa. Lakini kulikuwa deni moja. Kila siku kijana aliandika mu kaye yake: leo nimeona nini, nimekosa wapi, sijaelewa nini. Stefa alisoma na kujibu palepale mu kaye. Kila juma walikaa pamoja na Korczak kuzungumza yale magumu. Kijana aliyempigia mtoto kelele hakufukuzwa. Aliulizwa yeye mwenyewe alikuwa na nini ile siku. Njaa? Barua mbaya kutoka kwao? Juu mwalimu pia ni mtu, na kama hakuna anayemwangalia moyo wake, atamwagia mtoto ile iliyomjaa.

Hili naona ni jambo walimu wetu wanakosa. Kijana anamaliza miaka yake ku iniversite, anajua kanuni zote, kisha anawekwa mbele ya watoto 60, baba zao wako ku posti, wengine mama zao wanauza mukaa ku njia, na mmoja nyuma kule hajasema neno toka baba yake alipoangukiwa na udongo. Nani alimfundisha kumwona yule wa nyuma?

Mwaka wa 1926 Korczak alianzisha zurnali ya watoto, ilitoka kila Ijumaa ndani ya zurnali ya wakubwa, na watoto wa inchi yote waliandika mule na kulipwa. Toka 1934 mpaka 1936 alisema ku redio. Watu walimsikiliza kila nyumba, lakini hakutajwa jina, aliitwa tu Munganga Mzee, juu chuki ya Wayahudi ilikuwa imepanda na jina lake lilikuwa hatari. Mwisho wakamtoa.

Mwaka wa 1939 Wajerumani wa Hitler waliingia Polandi. Stefa alikuwa amekwenda kuishi Palestina mwaka wa 1938, angeweza kubaki mbali na moto. Kabla ya vita akarudi kwa watoto. Mu 1940 Wayahudi wote wa Varsovie walifungiwa mu sehemu moja ya muji, ukuta kuzunguka. Mayatima pia wakahamishwa. Siku ya kuhama, askari walinyang'anya gari la viazi vya watoto. Korczak akaenda mwenyewe ku ofisi ya Wajerumani kudai vile viazi, bila kuvaa kitambaa ambacho kila Myahudi alilazimishwa kuvaa ku mkono. Wakampiga, wakamfunga karibu mwezi moja. Watoto wake wa zamani, sasa watu wakubwa, walikusanya makuta kumtoa.

Ndani ya ukuta watu walikufa njaa mu njia. Yeye, mzee mwenye miguu ya kuvimba, kila asubuhi alibeba mfuko, akapita nyumba kwa nyumba kuomba. Jioni tribinali iliendelea, zurnali iliendelea, kaye ziliendelea. Tarehe 18 Julai 1942 watoto walicheza mchezo wa Tagore, mwandishi wa Uhindi, juu ya kijana mgonjwa aliyefungiwa mu chumba anayengoja barua ya mfalme. Siku 4 baadaye Wajerumani walianza kusafirisha watu.

Marafiki nje ya ukuta walimletea karatasi za kumtoa. Akakataa, juu zilikuwa za mtu mmoja.

Siku za kwanza za Agosti 1942 askari walikuja ku nyumba. Watoto walikuwa karibu 200. Korczak na Stefa na walimu wenzao waliwavalisha vizuri, wakawapanga, wakatoka nao kwa mguu, muji ukitazama, mpaka ku gari la moshi. Lilikwenda Treblinka, pahali pa kuulia watu kwa gazi. Hakuna aliyerudi. Yule aliyewaonyesha wanafunzi moyo wa mtoto mu giza alibaki karibu na ile mioyo mpaka mwisho, kuzuia hakuweza.

Mwaka wa 1978 Polandi ilipeleka ku Umoja wa Mataifa ombi la mkataba wa haki za mtoto. Ulikubaliwa tarehe 20 Novemba 1989. Inchi yetu, wakati ule Zaire, iliingia mu ule mkataba mwaka wa 1990, na sheria yetu ya ulinzi wa mtoto ni ya tarehe 10 Januari 2009. Inakataza kazi zenye kuharibu afya ya mtoto. Watu wa kariere wanajua hata leo inafuatwa namna gani.

Huko Treblinka kumepandwa mawe karibu 17,000. Ku mengi kumeandikwa jina la muji ambako watu walitolewa, ao hakuna neno. Moja tu lina jina la mtu: la Korczak, pamoja na watoto wake. Na ile nyumba ya Krochmalna haikubomolewa na vita. Njia imebadilishwa jina, ukuta ni uleule, na kisha vita mule ndani watoto walilelewa tena.